Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za afya

Waheshimiwa mawaziri, waganga wakuu, wakurugenzi wa hospitali na wajumbe wa kamati za ununuzi wa vifaa tiba,

Mezani kwenu zimeanza kufika zabuni za aina mpya. Kuna kamera ndogo za sikio za kuchomeka kwenye simu, kuna programu za akili mnemba zinazotazama picha ya ngoma ya sikio na kutoa jibu ndani ya sekunde chache, na kuna vifaa vinavyopiga sauti sikioni na kusikiliza inavyorudi. Sisi tunaoandika ni matabibu, wauguzi, wapima usikivu na mafundi wa vifaa tiba. Hatuna ugomvi na vifaa hivi; baadhi yake tunavihitaji hata leo. Ombi letu ni kwamba msinunue chochote cha kupima sikio la kati (chumba kilicho nyuma ya ngoma) kabla ya kuuliza kinajibu vipi maswali mawili: nyuma ya ngoma kuna majimaji? Na ngoma imetuna? Kifaa kisichoyajibu hayo, au kinachoyajibu kwa masikio masafi ya hospitali kubwa tu, kitatusaidia kukosea kwa haraka zaidi.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Mtoto ana homa na mafua, analia, anajishika sikio. Mhudumu anachungulia kwa otoskopu, kile chombo chenye taa cha kutazamia ndani ya sikio, anaona wekundu, anaandika antibayotiki. Wekundu huo ni shahidi asiyeaminika. Ngoma ya mtoto anayelia huwa nyekundu, ya mwenye homa huwa nyekundu, na hata sikio lililotoka kukwanguliwa nta linaweza kuwa jekundu. Maambukizi makali ya sikio la kati yanatambuliwa kwa majimaji yaliyojaa nyuma ya ngoma hadi ikasukumwa kuelekea nje. Mwongozo wa mwaka 2013 wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani unasema wazi kwamba pasipo ushahidi wa majimaji, jina la maambukizi makali lisiandikwe kwenye faili.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Majimaji yanaweza kuwepo bila maumivu, bila homa, na ngoma isitune. Hali hiyo haitibiwi kwa antibayotiki. Inafuatiliwa, kwa kawaida kwa miezi 3, na ikiendelea mtoto anapimwa usikivu, maana majimaji yanamfanya asikie kama aliyezibwa masikio katika umri uleule anaojifunza kusema. Halafu kuna sikio linalotoa usaha muda mrefu kupitia tundu kwenye ngoma. Shirika la Afya Duniani huliita sugu usaha unapofikisha wiki 2. Hilo linahitaji kukaushwa kwa utambi safi na kuwekewa matone ya antibayotiki ya kundi la kwinoloni, wala vidonge na sharubati havilisaidii sana. Ni hali tatu zenye matibabu matatu, na kituo kisichoona ngoma vizuri huzipa zote chupa ileile ya dawa.

Ugumu huu hauwakabili wahudumu wa ngazi ya chini peke yao. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001, madaktari wa watoto zaidi ya 500 walionyeshwa video za ngoma za masikio na kuombwa watambue tatizo. Kwa wastani walipatia nusu. Mabingwa wa masikio, pua na koo walipatia asilimia 73. Hao walikuwa wametulia mbele ya skrini, bila mtoto wa kurusha mateke. Ngoma ya sikio ina upana wa milimita 8 hadi 10 na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Imekaa mshazari mwisho wa njia iliyopinda, na mara nyingi nta imefunika nusu yake. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mhudumu hupata sekunde mbili au tatu za kuiona kabla kichwa hakijageuka. Hapo ndipo teknolojia inaweza kusaidia kwelikweli, kwa sababu video ya sekunde 10 inaweza kusimamishwa na kutazamwa tena.

Lakini kabla ya video, tazameni otoskopu zilizomo vituoni sasa. Betri iliyochoka hutoa mwanga wa njano, na chini ya mwanga wa njano ngoma isiyo na tatizo huonekana kama ina majimaji ya rangi ya kahawia. Balbu za halojeni hufifia polepole kiasi kwamba anayeitumia kila siku hagundui. Mnaponunua taa za LED, dai kiwango cha uaminifu wa rangi kisichopungua 90, kwa sababu taa ya bei ya chini yenye mwanga wa samawati hubadilisha rangi ya tishu. Koni, yaani ncha za otoskopu zinazoingia sikioni, nazo huja katika ukubwa mbalimbali, lakini kituo huletewa boksi la milimita 2.5 peke yake, ikatumika kwa kila mtu. Koni ndogo huonyesha kipande kidogo cha ngoma na haizibi njia ya sikio. Inayofaa ni kubwa kuliko zote zinazoingia bila kumuumiza mtoto.

Na kuna kipira cha hewa. Hiki ni kipande cha mpira chenye mrija mwembamba unaochomekwa ubavuni mwa otoskopu, na katika orodha nyingi za ununuzi huandikwa peke yake kama nyongeza, hivyo mwenye kupunguza bajeti hukifuta kwanza. Kufuta kipira ni kufuta kipimo. Mhudumu huvuta sikio la mtoto mdogo nyuma na chini kidogo, huingiza koni hadi izibe, kisha hubonyeza kipira taratibu. Ngoma yenye hewa nyuma yake husogea ndani na kurudi. Yenye majimaji husogea kwa shida au haisogei kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyotumika kuandaa miongozo yaliona kwamba njia hii, mikononi mwa waliofunzwa, hubaini majimaji kwa takriban asilimia 94 ya masikio yaliyo nayo, na huwapa wazima jibu sahihi kwa takriban asilimia 80. Ni vigumu kupata kifaa chenye skrini kinachoipita kwa gharama inayokaribiana nayo. Inaposhindwa, mara nyingi hewa inavuja: koni haikuziba, kioo cha nyuma kimelegea, au mrija umepasuka pale unapoingia. Jaribio ni rahisi. Ziba mdomo wa koni kwa kidole, bonyeza kipira. Kikikubali kubonyea bila upinzani, kuna uvujaji.

Nta nayo haina mbadala wa kidijitali. Hakuna kamera inayoona kupitia nta, na programu ikionyeshwa nta itatoa jibu kwa kuwa imeundwa kutoa jibu. Kila seti ya kamera iende pamoja na vijiko vya kutolea nta, taa ya kichwani na bomba la kusafishia kwa maji ya joto la mwili, yaani nyuzi 37 au karibu na hapo. Maji baridi humpa mgonjwa kizunguzungu papo hapo. Sikio linaloshukiwa kuwa na tundu halioshwi kwa maji.

Tukiruhusiwa kuchagua kifaa kimoja tu cha umeme kwa hospitali inayopokea rufaa za watoto, tutachagua timpanometa, ingawa si mpya na haipambi matangazo. Probu yake, yaani ncha inayoingia sikioni, huziba njia ya sikio, hubadili shinikizo la hewa kwa kawaida kuanzia +200 hadi karibu −400 dekapaskali, huku ikipiga sauti na kupima kiasi gani ngoma inaipokea. Mchoro wenye kilele karibu na sifuri ni aina A, wa kawaida. Kilele kilichohamia upande wa hasi ni aina C: mrija unaoleta hewa kutoka nyuma ya pua haufanyi kazi vizuri. Mstari bapa ni aina B, na hapa ndipo mafunzo ya siku moja huwaacha watu njia panda, kwa kuwa B peke yake haitoshi. Lazima isomwe pamoja na ujazo wa njia ya sikio unaoandikwa pembeni ya mchoro. Mtoto mdogo kwa kawaida huwa kati ya mililita 0.3 na 1. Mstari bapa wenye 0.6: majimaji. Mstari bapa wenye 2.3: ngoma ina tundu, mashine inapima hadi ndani ya sikio la kati. Mstari bapa wenye 0.1: probu imeziba kwa nta au imegusa ukuta wa njia, futa, rudia, usiandike kitu. Tumeona ripoti nyingi za "majimaji masikio yote mawili" ambazo ukizisoma ujazo wake ni probu chafu tu.

Sharti moja liandikwe kwenye zabuni kwa herufi nzito: mashine iwe na sauti ya hezi 1000, mbali na ile ya kawaida ya hezi 226. Kuta za njia ya sikio la mtoto wa chini ya miezi 6 ni laini, na kwa hezi 226 mchoro unaweza kuonekana mzuri hali nyuma ya ngoma kuna majimaji. Kila asubuhi probu ichomekwe kwenye kipande cha majaribio chenye ujazo wa mililita 0.5, 2 na 5 kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mara moja kwa mwaka fundi aihakiki yote. Na ikumbukwe timpanometa haisemi kama majimaji yana vijidudu. Jibu hilo linatokana na dalili za mtoto na umbo la ngoma.

Sasa simu. Mwaka 2019 watafiti wa University of Washington walitengeneza faneli ya karatasi, wakaiweka kwenye maikrofoni na spika ya simu ya kawaida, wakapiga mlio mfupi wa kilohezi 1.8 hadi 4.4 kuelekea sikioni. Sauti inayorudi hukutana na inayoenda, na ngoma yenye majimaji hulia tofauti na isiyo nayo, kama kibuyu kilichojaa kinavyolia tofauti na kitupu. Ilibaini masikio yenye majimaji kwa asilimia 85 na mazima kwa asilimia 82. Faida yake kubwa ni kwamba haihitaji kuziba sikio. Tunaiona kama kipimo cha kuchuja, hasa kwa kufuatilia mtoto yuleyule kwa wiki kadhaa. Kwa kuandikia dawa haifai, kwa sababu nayo inasikia majimaji tu.

Akili mnemba ya picha ndiyo inayouzwa kwa nguvu, basi tuikague kwa karibu. Kazi bora tunayoijua ni ya University of Pittsburgh, iliyochapishwa mwaka 2024: video 1,151 za ngoma za masikio kutoka kwa watoto 635, zilizopigwa kwa kamera iliyounganishwa na simu. Programu iliyabaini maambukizi makali kwa asilimia 93.8, na kuwatambua wasio nayo kwa asilimia 93.5. Ni matokeo mazuri sana. Sasa chukueni namba hizohizo mzipeleke mahali ambapo watoto 1,000 wanapimwa na 100 kati yao ndio wenye maambukizi makali. Programu itawabaini 94 na kuwakosa 6. Kati ya wale 900 wasio nayo, itawaita wagonjwa takriban 59. Kwa hiyo watoto 153 wataambiwa wana maambukizi, na karibu 4 kati ya kila 10 watakuwa hawana. Programu ileile ikitumika kwa watoto ambao nusu yao ni wagonjwa kweli, wale wenye maumivu ya sikio yaliyoanza ndani ya saa 48, majibu yake ya "mgonjwa" yatakuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 93. Kifaa hakijabadilika. Waliopangwa kwenye foleni ndio wamebadilika. Ndiyo maana tunapinga mipango ya kupita na kamera madarasani na kugawa antibayotiki kwa kila mwanga mwekundu kwenye skrini. Huko ni kuongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa fedha za umma.

Muulizeni kila muuzaji programu yake ilifunzwa kutofautisha nini na nini. Iliyofunzwa kutenga maambukizi makali na yasiyo makali inaweza kuwa haijawahi kuonyeshwa ngoma yenye tundu, au yenye madoa meupe ya makovu ya zamani. Muulizeni picha zilipigwa kwa kamera gani, maana usahihi hushuka kamera ikibadilika. Muulizeni pia masikio yaliyokuwa na nta yalihesabiwa vipi. Wengi huyaondoa kabla ya kukokotoa asilimia, kisha huuza asilimia hiyo kwenu ninyi ambao hamwezi kuyaondoa. Na programu isiyo na jibu la tatu, "picha haifai, piga tena", msiipokee hata kwa msaada wa bure.

Kabla ya kuisambaza, ijaribiwe kwenye vituo vitakavyoitumia na mikononi mwa watakaoitumia. Ili kujua kama inabaini wagonjwa kwa asilimia 90, kukiwa na nafasi ya kukosea ya pointi 5 juu au chini, mnahitaji masikio yenye ugonjwa yasiyopungua 140. Kama mmoja kati ya kumi wanaofika ndiye mgonjwa, hesabu inakuja masikio 1,400, tena sikio moja kwa kila mtoto, kwa kuwa masikio mawili ya mtoto mmoja huugua pamoja na yakihesabiwa kama mawili yanadanganya. Mabingwa wawili watazame kila video bila kujua jibu la programu wala la mwenzao, wa tatu aamue wanapotofautiana, na mchoro wa timpanometa uwe pembeni. Kazi hiyo inawezekana ndani ya msimu mmoja wa mafua.

Huenda mkagundua hamhitaji programu kabisa. Kamera ileile, bila akili mnemba, inaweza kutuma video kwa bingwa anayeijibu baadaye kwa muda wake. Alaska, jimbo la Marekani, imekuwa ikifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20: wahudumu wa afya wa vijijini hupiga picha za ngoma, bingwa aliye mbali huamua nani asafiri. Kinachohitajika ni ratiba ya bingwa iliyolipiwa, ahadi ya jibu ndani ya saa 48, na mfumo wa kutuma usiopitia simu binafsi za wahudumu wala makundi ya soga. Sehemu hiyo ya mwisho huwa inasahaulika hadi picha za mtoto wa watu zizagae.

Kuhusu vifaa vya kimaabara tutasema machache. Watafiti wa University of Illinois wametumia mwanga kupima unene wa ngoma na utando wa bakteria unaojishika nyuma yake, na wale wa MIT mwaka 2016 walionyesha otoskopu ya mwanga usioonekana kwa macho ambamo majimaji hutokea kama weusi, kwa kuwa maji hunyonya mwanga huo. Ni kazi nzuri. Kwa sasa waachiwe wenye hospitali za utafiti.

Vifaa vyovyote mtakavyochagua, ncha inayoingia sikioni iwe na koni ya kutupwa, au inayoweza kusuguliwa kwa sabuni na kuloweshwa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Sikio linalotoa usaha hubeba vijidudu vigumu kama Pseudomonas, na kamera isiyosafishwa huvipeleka kwa mtoto anayefuata. Hesabuni koni kwa idadi ya wagonjwa wa mwaka mzima badala ya boksi moja linalokuja na kifaa. Ncha ya kamera ipashwe moto kidogo kwa kiganja kabla ya kuingizwa, la sivyo mvuke huifunika na video yote huwa ukungu.

Mwongozo wa matibabu nao uandikwe upya sambamba na ununuzi. Mtoto mwenye umri wa zaidi ya miaka 2, maumivu madogo na sikio moja lisilotoa usaha anaweza kupewa dawa ya maumivu na kuangaliwa kwa saa 48 hadi 72 kabla ya antibayotiki. Mhudumu atathubutu kufanya hivyo akiwa na uhakika wa alichokiona. Na uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio lililosukumwa mbele, ni rufaa ya haraka hata kama kifaa kimeonyesha kijani.

Mwisho, mkataba. Kifaa kifanye kazi bila intaneti. Betri iwe ya kubadilishwa na fundi wa hapohapo. Picha za watoto zibaki mali ya huduma ya afya ya umma, na muuzaji asizitumie kufunzia bidhaa yake bila ridhaa ya wazazi na makubaliano ya maandishi. Kila toleo jipya la programu linapokuja lisiwashwe mpaka lijaribiwe upya kwa video zile 1,400, kwa sababu toleo jipya ni kipimo kipya. Na leseni ikikatika kwa kuchelewa malipo, kinachozimika kiwe jibu la programu peke yake. Kamera na taa viendelee kufanya kazi, mhudumu aendelee kuona ngoma kwa macho yake.

Wenu katika kazi,
Wahudumu wa masikio na usikivu